Mabingwa wa Mwezi Julai

Katika jiji la Columbus, jimbo la Ohio, timu ya chuo haijawahi kufungwa mwezi Julai. Mwezi huo kila pasi inafika, kila beki ni jabali, kila kijana wa miaka kumi na tisa ana mkono wa ajabu, na kombe la taifa limeshatengewa nafasi kabatini. Mechi huanza mwishoni mwa Agosti, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Mimi ni mtoto wa Temeke, Yanga damu. Nilifika Columbus nikimfuata dada yangu, ambaye ni muuguzi na ameolewa na mzaliwa wa mji huo. Nilijiandaa kwa baridi, kwa makaratasi ya uhamiaji na kwa zamu za usiku ghalani. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba kitakachoninyima usingizi ni swali la nani ataanza nafasi ya kwotabeki.

Kwa msomaji ambaye mpira wake ni ule wa miguu, nieleze kidogo. Katika mpira wa Kimarekani kila upande una watu kumi na mmoja, na mguu hauna kazi kubwa. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikifaulu inaongezewa manne mengine; ikishindwa, mpira unakwenda kwa mwenzake. Kila jaribio huanza kwa bonge la mtu kuinama na kuupitisha mpira katikati ya miguu yake, umfikie kijana aliyesimama nyuma. Huyo kijana ndiye kwotabeki. Ana sekunde chache za kuamua amtupie nani, huku majitu ya kilo mia na thelathini yanamjia kwa nia mbaya. Timu ikishinda, ameshinda yeye. Ikifungwa, amefungwa yeye, kocha wake, na mama yake aliyemruhusu kuja Ohio. Mbele yake hujipanga mabonge watano wa kumkinga asiuawe. Hao hakuna anayewajua majina.

Na huu si mpira wa klabu. Ni wa wanafunzi. Timu inaitwa Ohio State, na imejipa jina la utani la Buckeyes, yaani mbegu za mti fulani wa huko, mbegu ambazo ukizila ni sumu. Uwanja wao, uliofunguliwa mwaka 1922 kando ya mto Olentangy, unaingiza watu zaidi ya laki moja. Uwanja wa Benjamin Mkapa, fahari yetu sote, unaingiza elfu sitini, na ule ni wa taifa zima. Aprili 2016 watu 100,189 waliujaza uwanja wa Ohio State kutazama mechi ya mazoezi, timu ikicheza yenyewe kwa yenyewe. Nilipomuuliza shemeji nani alishinda siku hiyo, alinijibu bila hata kutabasamu: "Ohio State."

Nitasimulia kiangazi cha mwaka 2025, maana ndicho kilichonifunza tabia za watu hawa. Mwezi Januari mwaka huo Ohio State ilikuwa imetwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23 mjini Atlanta. Kwotabeki aliyewapa kombe, Will Howard, alikuwa amemaliza chuo na kwenda ligi ya kulipwa. Kiti kikabaki wazi, wagombea wakawa watatu. Wa kwanza Julian Sayin, kijana wa California aliyekuwa amejiunga na Alabama, kisha akahama pale kocha Nick Saban alipostaafu Januari 2024. Wa pili Lincoln Kienholz wa South Dakota, aliyekuwa ndiye mkongwe wa hao watatu kikosini. Wa tatu Tavien St. Clair, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mtoto wa Bellefontaine, humo humo Ohio.

Msimu uliotangulia Sayin alikuwa amerusha pasi 12. Si kwa mechi moja. Kwa msimu mzima. Mahari imewahi kutolewa kwa ushahidi mdogo kuliko huo, nakubali, lakini posa angalau huwa na mashangazi waliofanya uchunguzi. Hapa jiji zima lilizishika pasi kumi na mbili, likazigeuza juu na chini, likatoka na hukumu za kutosha kujaza maktaba.

Nyumbani kwa dada zikawa kambi tatu. Shemeji alikuwa upande wa Sayin, na hoja yake ilikuwa moja: mkono. Baba yake, fundi bomba mstaafu anayekuja kula kwetu kila Jumapili, alikuwa upande wa Kienholz, na hoja yake nayo ilikuwa moja: foleni. Kijana amesubiri zamu yake, zamu imefika, apewe. Dada yangu, ambaye Temeke alikuwa hajui kuotea ni nini, akasimama na St. Clair. "Mtoto wa nyumbani hawezi kukaa nje, wageni wakala," alisema, na akapakua wali kwa namna ambayo hakuna aliyethubutu kubisha.

Yule mzee nilimfundisha shikamoo nilipofika, na ameipenda kupita kiasi. Huitikia "marahaba" kwa sauti ya chifu wa zamani. Kiangazi kile, hata hivyo, nikimwamkia alikuwa haitikii kwanza. Alikuwa ananiuliza kama nimeona video ya jana.

Hizo video ndizo chakula chao nje ya msimu. Ni za sekunde chache, kutoka mazoezini: kijana anatupa mpira ndani ya wavu. Hakuna beki, hakuna mvua, hakuna kelele. Wavu umesimama palepale, hauna nia ya kukimbia. Shemeji aliona humo utulivu wakati wa hatari. Mzee aliona kiwiko kinashuka mno. Dada aliona kijana amekonda, hawampi chakula. Wakarudia video, kila mmoja akaona alichokwisha kukiona, wakaridhika wote.

Mimi sikuwa na mgombea, na kutokuwa na mgombea katika nyumba ile kulikuwa sawa na kukataa kusalimia. Siku moja mezani wakanibana niseme. Nikasema tu kwamba kwetu mafahari wawili hawakai zizi moja. Mzee aliweka uma chini. Akamtazama mwanawe. "Umemsikia kijana?" akasema. "Ndicho ninachokisema tangu Aprili." Shemeji akasema hapana, hicho ndicho anachokisema yeye. Kuanzia siku hiyo nikawa mchambuzi. Niliulizwa kuhusu St. Clair, nikajibu haraka haraka haina baraka, wakanyamaza kutafakari. Jirani wa nyumba ya tatu alisimamisha gari barabarani kutaka maoni yangu juu ya mechi ya kwanza dhidi ya Texas. Nikamwambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka taratibu, na baadaye nikasikia ameirudia kazini kwake.

Msomaji asidhani nilikuwa nawadanganya. Sikuwa na taarifa yoyote, ni kweli, lakini nao hawakuwa nayo. Mwezi Julai aliyetazama mpira huu miaka hamsini na aliyeujua juzi wanakaa benchi moja, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeuona msimu unaobishaniwa. Ndiyo maana ubishi unanoga. Msimu ukianza, matokeo huingilia mazungumzo na kuyavuruga.

Mzee, lakini, alikuwa na silaha moja ambayo methali zangu hazikuifikia, nayo ni historia. Mwaka 2014, anasimulia, kwotabeki namba moja Braxton Miller aliumia bega mwezi Agosti, kabla ya mechi ya kwanza. Akaingia J.T. Barrett, akang'ara, kisha akavunjika kifundo cha mguu katika mechi na Michigan mwishoni mwa Novemba. Ikabidi aingizwe wa tatu, Cardale Jones, ambaye hakuwa amewahi kuanza mechi hata moja. Jones akaanza mechi tatu: akaifunga Wisconsin 59 kwa 0, akaitoa Alabama 42 kwa 35, akaichapa Oregon 42 kwa 20, wakatwaa ubingwa wa taifa Januari 2015. Tangu hapo hakuna kwotabeki wa tatu anayepuuzwa Columbus. Akipiga chafya, watu wanauliza hali yake.

Sehemu ya pili ya historia hiyo Mzee huipitia harakaharaka. Kiangazi cha 2015 timu ilikuwa na mashujaa wawili wazima, Jones na Barrett, na jiji lilibishana hadi jasho. Jones akaanza msimu, baadaye Barrett akamrithi, na Novemba wakafungwa na Michigan State 17 kwa 14 nyumbani kwao. Ubingwa ukapita. Ukiwapata Wamarekani wametulia, watakwambia wenyewe kwamba mwenye makwotabeki wawili hana hata mmoja. Lakini hawatulii.

Nikitaka kupumzika na mzozo wa nyumbani, nilikuwa nakwenda kunyoa. Upande wa kaskazini wa jiji, kuelekea Morse Road, kuna Waafrika Mashariki wengi, na kinyozi wangu ni mtu wa Bukavu. Nilitarajia huko tutaongea habari za nyumbani: vita, bei ya dola, nani kafiwa. Nikakuta kijiwe kizima kimekaa kikao cha kwotabeki.

"Ule mutoto wa California iko na mukono," kinyozi alikuwa anasema, mashine imeshika kichwa changu. "Lakini ule wa South Dakota iko na roho."

"Zii, nyinyi hamjui kitu," akadakia Mkenya mmoja dereva wa teksi. "Mimi nilibeba msee wa ndani kabisa." Akaeleza kwamba amembeba abiria aliyefanana na kocha msaidizi, kutoka uwanja wa ndege, na kwamba abiria huyo hakusema neno njia nzima. Ukimya huo ukachambuliwa. Wengine walisema anayenyamaza ana siri, kwa hiyo uamuzi umeshafanyika. Wengine walisema anayenyamaza amechoka, kwa hiyo uamuzi haujafanyika. Mzee mmoja wa Kirundi kwenye kona akauliza, kwa upole tu, kama wale watano wa mbele wanaomkinga kwotabeki wako vizuri mwaka huu. Hakuna aliyemjibu. Mazungumzo yalizimika kabisa, watu wakatazama simu zao, hadi Mkenya alipomtaja tena Sayin moto ukarudi.

Katika kurudi huko kwa moto, kinyozi alizima mashine ili apate kutumia mikono yote miwili kuonyesha jinsi pasi inavyotoka begani. Alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa changu. Hakuurudia wa kushoto. Simu ya mkewe iliingia kwamba watoto wanasubiri kuchukuliwa, akanipangusa shingo, akaniambia, "Urudi kesho, ndugu," akafunga duka. Niliingia zamu ya usiku nikiwa na nywele upande mmoja. Msimamizi wangu, Mmarekani mwenye kofia ya Ohio State, alinitazama muda mrefu, akauliza kulikoni. Nikamwambia kinyozi alikuwa anajadili kwotabeki. Akaelewa. Akaniuliza kinyozi yuko upande gani.

Halafu ikaja Julai nne, sikukuu yao ya uhuru, siku ambayo kila uwanja wa nyuma wa nyumba unafuka moshi wa nyama. Nikaona nivae kitu cha kwetu. Nikatoa fulana yangu ya Yanga, ya njano, na suruali ya jinzi ya buluu, nikajipulizia manukato, nikatoka. Mzee alikuwa kwenye jiko anageuza mbavu. Aliniona, akafunika jiko. Wageni wakaacha kutafuna. Hakuna aliyenisemesha hadi shemeji alipokuja mbio, akanisukuma ndani ya nyumba na kuniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba polisi wako mlangoni, kwamba njano na buluu ni rangi za Michigan.

Sasa Michigan kwa Ohio State ni mtani, lakini mtani asiyetaniwa. Wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1897. Watu wa Columbus hawapendi hata kulitaja jina. Husema "ile timu ya kaskazini," na ukiuliza ipi, wanakutazama kwa huruma. Shemeji akanivua ile fulana kwa mikono yake na kunivika ya Ohio State. Ni nyekundu. Msomaji wa Tanzania ananielewa: mtu wa Jangwani, aliyebatizwa kwa kijani na njano, amesimama mbele ya hadhara ndani ya wekundu mtupu, anapewa mbavu kama zawadi ya kusilimu. Dada yangu, kwa hiana zake, alipiga picha na kuirusha kwenye kundi la familia. Mjomba akaandika, "Karibu Msimbazi." Shangazi akaweka vicheko mstari mzima. Baba mdogo, yeye aliyenibeba mabegani kunipeleka uwanjani nikiwa mdogo, hakuandika kitu. Alijitoa kwenye kundi.

Fulana hiyo nyekundu ndiyo iliyoniletea balaa la dukani. Nilikuwa nachagua nyanya, nikasikia mtu mzima ananguruma kutoka mwisho wa safu: "O-H!" Nikadhani ameangukiwa na kopo. Nikamwambia pole. Akarudia kwa nguvu zaidi, mikono juu, uso umejaa matumaini. Nikamuuliza kama nimwite mtu. Watu wakasimama na vikapu vyao. Ndipo kitoto kimoja, kimekaa ndani ya toroli ya mama yake, kikanyanyua mikono na kulia kwa sauti nyembamba: "I-O!" Duka likashusha pumzi. Kumbe mmoja hutaja herufi mbili za kwanza za jimbo, na yeyote aliyevaa nyekundu analazimika kumalizia mbili za mwisho, hata awe msibani. Yule bwana akakishukuru kitoto, kisha akanitazama mimi kuanzia fulana hadi viatu, akaondoka bila nyanya.

Turudi kwenye fununu. Zamani, Mzee anasema, nje ya msimu mlikuwa mnabishana juu ya vijana walewale. Sasa kuna na usajili. Tangu Oktoba 2018 chuo kikuu kinamwandikisha mchezaji anayetaka kuhama katika orodha maalumu ya kompyuta, na vyuo vingine vinamfuata. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na mwaka 2025 mahakama ikaridhia vyuo viwalipe vyenyewe, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka ule wa kwanza. Niliposikia hayo nilijikuta nimefika nyumbani. Tetesi za nani kashuka uwanja wa ndege, nani kaonekana na kiongozi hotelini, nani amesaini mara mbili: hayo mimi nimelelewa nayo. Kariakoo tuna Simba Day, tuna Wiki ya Mwananchi, tunajaza uwanja mwezi Agosti kumshangilia mshambuliaji ambaye tumeona mabao yake kwenye simu tu, na tunampa jina la utani kabla hajagusa mpira. Ifikapo Novemba tunamuuliza nauli ya kurudi kwao. Watu wa Columbus wanatuzidi uwanja na pesa. Kwa tambo, tuko droo.

Na hawako peke yao Marekani. Kiangazi hicho hicho Texas walikuwa na Arch Manning. Babu yake Archie alikuwa kwotabeki maarufu, baba zake wadogo Peyton na Eli kila mmoja ana makombe mawili ya ligi ya kulipwa, kwa hiyo ukoo ulikuwa umeshamtambikia. Hapo chuoni alikuwa ameanza mechi mbili. Mbili. Waandishi wa habari wanaopiga kura ya Associated Press, kura iliyoanza mwaka 1936, wakaiweka Texas namba moja kabla ya msimu, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ohio State, mabingwa watetezi, wakawekwa wa tatu. Mzee aliposoma hayo alikosa hamu ya kula, jambo ambalo dada yangu hakuwahi kulishuhudia.

Katikati ya Agosti kocha Ryan Day akatangaza: Sayin ataanza. Shemeji alikimbia nje ya nyumba na kurudi. Dada akasema mtoto wake bado mdogo, ana muda. Mzee alizima runinga, akatoa mashine, akaenda kukata majani ambayo alikuwa amekwisha kuyakata asubuhi.

Tarehe 30 Agosti Texas wakaja Columbus. Asubuhi ya siku hiyo mtangazaji Lee Corso, mzee wa miaka 90, aliyezaliwa mwaka 1935, mwaka ule ule ilipoanzishwa Yanga, aliaga runinga. Kazi yake kubwa ilikuwa kutabiri mshindi kwa kuvaa kichwa cha kinyago cha timu, desturi aliyoianzia hapo hapo Columbus mwaka 1996. Akakivaa kichwa cha Brutus, ile mbegu yenye macho na tabasamu, na jiji likalia machozi. Mimi nililia pia, kidogo, kwa ajili ya 1935.

Kuhusu mechi yenyewe, baada ya miezi saba ya ubishi, Ohio State walishinda 14 kwa 7. Walinzi ndio walioibeba. Sayin alirusha yadi 126, akafunga kwa pasi moja, hakuharibu. Manning alifunga kwa pasi moja, akampa adui nyingine moja. Haikuwa mechi ya makwotabeki hata kidogo. Shemeji akasema, "Niliwaambia." Mzee akafuta mdomo taratibu na kusema yule mwingine angefunga ishirini na nane. Nikamuuliza anajuaje. Akanitazama kwa mshangao. Kwotabeki wa akiba, akanieleza, hana kosa, maana hana mpira.

Novemba likanifika la mwisho. Wiki ya mechi na Michigan, chuoni wana desturi ya kuziba kila herufi M kwa alama nyekundu ya mkasi, kwenye vibao na majengo. Mwaka 2024 walikuwa wamefungwa na Michigan nyumbani 13 kwa 10, na ingawa baadaye walitwaa ubingwa wa taifa, wapo wazee wanaoikumbuka ile ya kwanza kuliko hii ya pili. Kwa hiyo mwaka 2025 ghala letu nalo likaiga desturi. Mimi naitwa Musa. Nilifika kazini nikakuta kitambulisho changu kimebandikwa utepe mwekundu juu ya herufi ya kwanza. Zimebaki tatu, kwa herufi kubwa: USA. Wengine wanangoja miaka kupata uraia wa nchi ile. Mimi niliupata wiki nzima, bila mahojiano wala kiapo. Ohio State wakashinda 27 kwa 9, utepe ukabanduliwa, nikarudi kuwa mgeni.

Sayin alimaliza msimu akiwa miongoni mwa wanne walioalikwa New York kugombea tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Mzee akatangaza mezani kwamba alimwona tangu Aprili. Tulimwacha. Lakini tuzo hiyo ilikwenda kwa Fernando Mendoza wa Indiana, kijana aliyehamia huko kutoka California, na Indiana ndiyo iliyoifunga Ohio State 13 kwa 10 katika fainali ya kanda mwezi Desemba, kisha Januari 2026 ikatwaa ubingwa wa taifa, wa kwanza katika historia yake, bila kufungwa mechi hata moja. Indiana! Timu ambayo kwa vizazi ilikuwa mechi ya wengine kupumzikia. Kiangazi kizima sikusikia jina la Mendoza nyumbani, ghalani wala kwa jirani. Kinyozi anadai alilitaja. Ushahidi hana.

Hukumu yangu basi ni hii. Ubishi wa nje ya msimu hautabiri kitu, na haukukusudiwa kutabiri. Unamfanya baba na mwanawe wapigiane simu kila jioni, unampa mkimbizi wa Bukavu neno la kumwambia jirani yake Mmarekani, na unampa dada yangu mtoto wa tatu bila gharama ya ada. Bei yake ni kuonekana mjinga ifikapo Desemba, na bei hiyo wote wanailipa kwa pamoja, kwa hiyo haiumi.

Nawe msomaji, ukijaliwa kufika kule mwezi Julai ukaalikwa kwenye mbavu, acha njano nyumbani, na ukiitwa "O-H" malizia upesi. Ukiwa na njaa kweli, usiulize nani ataanza kwotabeki, maana nyama itapoa. Uliza habari za wale mabonge watano wa mbele. Hakuna atakayejibu, na mtakula chakula kikiwa moto.